Obedi Ndahani na Sanduku Lililokatazwa Kuguna

Mbukwenyi, wasikilizaji wapendwa. Kabla hamjasogeza viti karibu na redio, nina ombi moja. Angalieni waya wa hiyo redio. Ufuateni kwa macho mpaka ukutani. Kama umechubuka, kama umefungwa solotepu, kama umechomekwa kwa njiti za kiberiti kwa sababu plagi ilivunjika zamani, msiuguse sasa hivi. Uangalieni tu, mjue ulivyo. Tutaurudia.

Leo tunamkumbuka Obedi Ndahani wa Makutupora, mpiga gitaa la besi. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Obedi Ndahani, mpiga gitaa la besi, mume wa Penina, baba wa Anitha. Alifariki mwezi wa nane mwaka huu kule Haneti. Alifia kwenye harusi, jua likiwa bado juu, watu wakimpigia vigelegele.

Haya nitakayowasimulia yametoka kwa mkewe, Penina. Mimi, bibi yenu Paulina, nilikwenda nyumbani kwake nikamkuta anachambua mlenda, tukakaa palepale jikoni. Ni mama mtulivu, anaongea polepole. Ila duka la jirani lina jokofu la soda. Kila jokofu lile lilipoanza kunguruma, Penina alinyamaza. Alingoja mpaka liache, ndipo akaendelea.

Obedi alizaliwa na ngoma, wasikilizaji wapendwa. Mama yake, Bibi Debora, ni mpigaji wa muheme. Mnaifahamu muheme, ngoma yetu sisi akina mama, ile unayoibana katikati ya mapaja ukaipiga kwa viganja mpaka jasho likuingie machoni. Bibi Debora ananiambia, "Huyu nilimbeba mgongoni huku napiga. Nikitua ngoma, analia. Nikiishika, analala." Kwa hiyo alipokuwa mtu mzima, mchana akipogoa mizabibu ya watu na jioni akijifunza gitaa, hakutaka lile gitaa la kawaida lenye sauti nyembamba. Alitaka la besi. Alitaka sauti ya mama yake.

Aliingia bendi ya harusi iliyoitwa Mizabibu. Kiongozi na mwimbaji wake ni Iddy, Mrangi wa Kondoa, mtu wa maneno mengi. Tatizo la Obedi halikuwa vidole. Lilikuwa amplifaya, lile sanduku la spika linalokuza sauti ya gitaa. Alikuwa na kadogo, kalikotengenezwa kwa gitaa la kawaida. Ngoma zikianza, hasikiki. Iddy anageuka katikati ya wimbo, anamwambia mbele za watu, "Obedi, unapiga au unajikuna?"

Obedi akaongeza sauti. Akaongeza tena, mpaka mwisho. Siku moja karatasi ya spika ikapasuka, na tangu hapo besi yake ikawa kama mtu anayepuliza mfuko wa nailoni. Gitaa la besi halibebwi na kisanduku cha gitaa jingine, wasikilizaji wapendwa. Hilo alilijua akiwa ameshakiua.

Ndipo akaenda mjini Dodoma kutafuta jingine, kwenye duka la vyombo vilivyotumika. Akamchukua na mama yake. Muuzaji alipomwona Bibi Debora na khanga yake begani akasema, "Shikamoo mama. Pasi ziko upande ule."

"Marahaba," Bibi Debora akajibu. "Pasi ninayo. Nimekuja kusikiliza ngoma."

Akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa. Akaweka kiganja tumboni. Obedi akachomeka gitaa kwenye sanduku la kwanza, jipya, lenye vitaa vya rangi. Bibi Debora akasikiliza. "Hili linapiga kelele. Halipigi ngoma." La pili lilikuwa jepesi, la kubebwa kwa mkono mmoja. "Hili limekunywa uji tu. Saa nane mchana litalala." Muuzaji akacheka, akawaita na wenzake waje wamwone mama. La tatu lilikuwa jeusi, zito, limechubuka pembeni, na spika yake pana kama ungo. Obedi alipogusa uzi ule mnene, Bibi Debora aliinama kidogo. Alitazama kiganja chake pale tumboni. Kisha akasema, "Hili."

Walilipakia kwenye bajaji, likakaa siti ya nyuma peke yake. Bibi Debora akabanana na dereva.

Kulitumia nako alikuwa na adabu zake. Penina anazikumbuka zote. Uwanjani hakuna ukuta, na upepo wetu wa Dodoma unaikwapua sauti nzito kabla haijafika kwa watu, kwa hiyo lazima sanduku liwe na nguvu ya akiba. Hakulifikisha mwisho hata siku moja. Hakulipandisha kwenye kiti. Alilikalisha chini, mgongo karibu na ukuta wa nyumba, ili ardhi nayo ipige. Kanisani aliipunguza sauti mpaka mabati ya paa yaache kutetemeka. Na kabla ya shughuli alimpa Iddy gitaa, akatembea mwenyewe mpaka kule watoto na mbuzi walikosimama, akasikiliza akiwa huko, akarudi kurekebisha.

Mtu mwangalifu hivyo. Naomba mlishike hilo.

Sasa sanduku lile lilikuwa na tabia moja. Lilikuwa linaguna. Likichomekwa ukutani, na waya wake mwingine ukienda kwenye miksa, ile mashine inayokusanya sauti za maiki na vyombo vyote, linatoa mvumo mmoja wa chinichini: mmmm. Kwenye harusi hakuna anayeusikia. Lakini Obedi alipiga kanisani pia, kila Jumapili, na kanisani kuna maombi. Mchungaji anainamisha kichwa, watu kimya, sanduku mmmm.

Mzee Nikolaus, mzee wa kanisa, alimsubiri mlangoni. "Mwanangu Obedi, hilo sanduku lako linaguna. Mchungaji anaomba, na lenyewe linaomba. Leo wamesema Amina pamoja."

Watu wakacheka. Obedi naye akacheka, lakini Penina aliona masikio ya mumewe yamejikunja kwa aibu. Jumapili iliyofuata likaguna tena. Akina mama wa kwaya wakawa wanamwita Obedi "mwenye mchungaji wake wa pili."

Mpigaji mwenzake wa bendi nyingine ndiye aliyempa dawa. Kwenye plagi yenye meno matatu, wasikilizaji wapendwa, kuna waya mmoja wa kijani na njano. Mafundi wanauita waya wa ethi. Kazi yake ni moja. Umeme ukipotea njia ndani ya chombo, ukaingia kwenye bati lake, waya huo unauchukua na kuupeleka ardhini, na fyuzi inakatika. Mwenzake akamwambia, "Kata ule wa kijani. Litanyamaza kama limekabwa."

Obedi akaingia jikoni. "Mama Anitha, niazime kisu." Penina akampa kile cha kukatia mboga, akaendelea kusonga ugali. Alisikia tu "tik". Kisha akasikia mumewe akichomeka, akiwasha. Kimya. Obedi akaita kwa furaha, "Umesikia?"

"Sijasikia kitu," Penina akajibu.

"Ndiyo hicho!"

Narudia, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Obedi Ndahani aliukata waya wa kijani ili sanduku lisigune. Sauti ya muziki haikubadilika, wala mwanga wa taa yake. Kilichoondoka ni ule mguno peke yake, na kila mtu alifurahi. Jumapili ile maombi yalikuwa kimya mpaka ukasikia njiwa juu ya bati. Mzee Nikolaus alimshika mkono mlangoni. "Sanduku limeokoka!" Watu wakacheka tena, na safari hii masikio ya Obedi yalikaa sawa.

Ikapita miaka. Utauliza, msikilizaji, mbona hakudhurika? Alilindwa na vitu viwili ambavyo hakujua kama vinamlinda. Cha kwanza ni ule waya wa kwenda kwenye miksa. Miksa ilikuwa na ethi yake, nzima, na umeme wowote uliopotea ulipitia huko ukaenda zake. Cha pili ni raba zake nyeupe za kupigia muziki, za soli nene. Kwa hiyo alitembea juu ya shimo, na mbao mbili zilikuwa zimelifunika.

Lakini shimo lilikuwa likijitaja. Barabara zetu mnazijua. Sanduku likirushwa nyuma ya gari, kwenda Hombolo, kwenda Chamwino, nyaya za ndani zilikuwa zikisuguana na bati. Mwaka huu mwanzoni vidole vya Obedi vikaanza kutekenywa na nyuzi za gitaa. Mara moja, kisha wiki tatu kimya, kisha tena. Alimwambia Penina akicheka, "Leo sanduku limenisalimia."

Penina hakucheka.

Kisha Anitha, binti yao wa pekee, aliyekuwa akijifunza gitaa la baba yake, alitoka kuosha vyombo akaja na mikono yenye maji kulisogeza sanduku lipishe mkeka. Akaruka. "Baba, limening'ata!"

Bibi Debora alikuwa mlangoni anapepeta mtama. Akaacha. "Chombo gani hiki kinachouma wenye nyumba? Nilichagua mimi hiki, na siku ile hakikuwa na meno."

Hapo Penina akasimama. Anasema hajawahi kumsemesha mumewe kwa sauti ile. "Baba Anitha, urudishe ule waya. Leo."

"Nitaurudisha."

"Leo."

"Nikitoka Haneti, mke wangu. Nikiurudisha leo litaguna Haneti. Anaolewa mtoto wa dada yako. Wazee watasimama kumpa binti nasaha, sanduku linaguna katikati yao. Unataka shemeji zangu waniseme mpaka nizeeke?"

Penina akalifikiria hilo. Harusi ilikuwa ya kwao, na aibu ingekuwa ya kwao. "Ukitoka Haneti," akasema.

"Nikitoka Haneti. Sitavua hata raba."

Wasikilizaji wapendwa, tunafika Haneti. Mwezi wa nane, mavuno yako ndani, upepo unapeperusha vumbi jekundu mpaka kwenye sahani. Umeme ulivutwa kutoka nyumba ya baba wa bibi harusi. Miksa ikawekwa upande wa pili wa uwanja, karibu na meza kuu, na waya wa kuunganisha sanduku la Obedi ukawa mfupi. Iddy akasema, "Achana nao. Sanduku lako lina kifua, litafika lenyewe." Na kweli, Obedi alitembea mpaka kwenye mbuzi, akasikiliza, akarudi, akakubali. Waya ukakunjwa, ukarudishwa begini.

Ubao wa kwanza ukaondoka hapo. Hakuna aliyeuona ukiondoka.

Ikaja saa ya akina mama wa muheme. Vumbi lilikuwa jingi, na mnajua desturi yetu: uwanja wa kucheza hunyunyiziwa maji, ili wageni wasile vumbi. Haneti maji hayapatikani kirahisi. Kumwagia wageni maji chini ni heshima kubwa. Akina mama wakaja na ndoo, wakanyunyiza uwanja mzima kwa mikono, mpaka pale bendi iliposimama, mpaka miguuni pa Obedi. Akawashukuru. "Asanteni mama zangu, leo mmetuthamini."

Wakakaa, wakabana ngoma zao. Iddy anasema Obedi aliwatazama akabadilika uso, kama mtoto aliyemwona mama yake ng'ambo ya barabara. Ngoma zikaanza. Obedi akazifuata kwa besi, sauti juu ya sauti, mpaka huwezi kujua kipi ni kiganja na kipi ni uzi. Wachezaji walikuwa miguu mitupu, ndivyo muheme inavyochezwa. Mama mmoja akamtania, "Wewe mwanangu, utapiga muheme na viatu kama bwana shamba?"

Obedi akacheka. Akainama. Akavua raba, moja, na ya pili. Akaziweka vizuri juu ya sanduku.

Penina alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye masufuria, na dada zake. Alikuwa amevua kandambili, kwa sababu ya matope ya maji ya kuoshea mchele. Alikuwa anaipokea besi ya mumewe kwa nyayo. Anasema hakuwa anaisikiliza hata kidogo. Ilikuwepo tu, kama mapigo ya moyo wako ambayo huyasikilizi.

Ikaacha.

Ngoma ziliendelea. Gitaa jingine liliendelea. Uwanjani walimwona Obedi akitetemeka, kichwa nyuma, mikono imekaza gitaa, magoti yanashuka. Walidhani muheme imempanda. Wakapiga vigelegele. Akina mama wakazidisha ngoma kumsindikiza. Mtu mmoja akatoka kumtunza, ameshika noti, na Iddy ndiye aliyemsukuma akaanguka kando, akapiga kelele kwenye maiki: "Msimguse! Zimeni umeme! Zimeni!"

Penina alikuwa ameshaanza kukimbia, mwiko mkononi. Hakungoja kusikia kelele za mtu. Nyayo zake zilikuwa zimemwambia.

Iddy akaing'oa plagi ukutani. Obedi akaachia gitaa. Walimpakia garini, wakamkimbiza. Penina alimlaza kichwa mapajani njia nzima, akimwita kwa jina la mtoto wao: Baba Anitha, Baba Anitha. Alipofikishwa zahanati, roho ilikuwa imeshatoka.

Fundi alilifungua sanduku baadaye. Ndani kulikuwa na waya mmoja wa umeme uliochubuka ngozi kwa kusuguana, unagusa bati. Uwazi mdogo kama punje ya uwele. Akamwambia Penina wazi: waya wa kijani ungekuwepo, fyuzi ingekatika. Muziki ungezimika, watu wangezomea, Iddy angemtukana, na Obedi angerudi nyumbani.

Nimelirudia hilo mara nyingi kichwani. Watu wangezomea, na Obedi angerudi nyumbani.

Sanduku lililetwa Makutupora pamoja na maiti, maana hakuna aliyejua alipeleke wapi. Raba zilikuwa bado juu yake. Bibi Debora aliliona akasema, "Lichomeni." Hakupaza sauti. Vijana wakaanza kutafuta mafuta ya taa.

Penina akasimama mbele yake. "Mama, nisamehe. Hatulichomi."

"Limemla mwanangu."

"Lilikuwa linasema, mama. Tukalifunga mdomo."

Bibi Debora alimtazama mkwewe. Kisha akaenda kukaa, akavuta khanga usoni. Vijana wakarudisha mafuta.

Fundi akaweka waya mpya, meno matatu, kijani mahali pake, na ule uliochubuka akaubadilisha. Aliposema mguno utarudi, ila vyombo vyote vikichomekwa sehemu moja utapungua, Penina alimjibu, "Usiupunguze."

Jumapili ya arobaini ya Obedi, kanisa lilijaa mpaka nje. Bendi ya Mizabibu walikuja wote, na Iddy alikaa benchi la nyuma, kofia mkononi. Anitha aliketi mahali pa baba yake, gitaa la baba yake mapajani, miguu ndani ya zile raba nyeupe, kubwa kuliko yeye, amezijaza vitambaa. Penina alikuwa kiti cha mbele, na macho yake hayakutoka kwenye vidole vya mtoto.

Anitha akawasha. Sanduku likaguna. Mchungaji akainamisha kichwa kuomba, watu wakanyamaza, na ule mvumo ukalijaza kanisa: mmmm.

Mzee Nikolaus akainuka. Kanisa zima likageuka. Mzee yule alitembea taratibu mpaka mbele, akasimama karibu na sanduku, na wengi walidhani atamwambia mtoto azime. Akavuta kiti. Akaketi pale pale, goti lake karibu na spika, akainamisha kichwa. "Endelea kuomba, Mchungaji," akasema. "Tunasikia vizuri."

Kwa Penina, kwa Anitha, kwa Bibi Debora aliyemzika mwanawe mkubwa, kwa Iddy na wana Mizabibu, na kwa bwana na bibi harusi wa Haneti ambao siku yao imebeba mawili: sisi wote wa kipindi hiki tunawapa pole. Pole sana. Mungu awashike mkono.

Na ninyi wasikilizaji wapendwa, rudini sasa kwenye ule waya niliowaomba muuangalie. Jiulizeni, katika nyumba yenu, ni kitu gani kimekuwa kikiguna, nanyi mkakikemea kwa sababu kilikuwa kinawatia aibu. Kiiteni chombo, au kiiteni mtu. Kisikilizeni leo, msingoje mpaka mtoke Haneti.

Siku ile kanisani tulikuwa na kinasa sauti chetu. Namaliza kwa kuwaachia kile tulichokinasa wakati wa maombi. Hakuna wimbo ndani yake. Msipige redio kofi, msigeuze stesheni, redio zenu ni nzima.

Hilo mnalolisikia ni sanduku la Obedi. Liko macho.